Malalamiko Juu ya Mashine Iliyonyang'anywa Mikono Yake

Kasongo, siku ya Jumatano

Kwa Bwana Heri, Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu,

Salamu kwako, kwa mama wa nyumbani kwako, na kwa wote wanaokaa mbele ya ofisi yako wakingoja saini. Mimi ni Hamadi Lukali, fundi wa vyuma. Unanifahamu: kila pinyo, yaani gurudumu la meno, iliyowahi kuzungusha mashine ya kukoboa mpunga ya kartie hii, meno yake niliyachonga mimi. Ninakuandikia kwa huzuni, maana ninamshitaki binti yangu mwenyewe. Mama yake, Subira, amekataa kutia saini barua hii. Amesema kalamu anayo, sababu ndiyo hana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mikono. Kwa miaka thelathini na moja nimechonga chuma kwa mashine yangu, ambayo sasa iko ndani ya salon, tunapokaa na wageni, tangu upepo ulipobeba bati za karakana. Ilikuwa na mikono mitatu ya kuzungusha: mmoja wa kupeleka meza ya chuma kushoto na kulia, wa pili mbele na nyuma, wa tatu juu na chini. Mwezi wa tano binti yangu Asma, aliyerudi kutoka Lubumbashi na diploma ya umeme, alipokea mzigo kwa pikipiki kutoka Kalemie kupitia Kabambare. Zilikuwa mota tatu, zimeviringishwa ndani ya blanketi kama mapacha watatu. Ijumaa nilienda kuswali nikiacha mashine yenye mikono. Niliporudi, mikono yote ilikuwa imening'inizwa ukutani, mota zimefungwa mahali pake, na waya zinapanda hadi kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya kabati la sahani. Asma akaniambia kwa furaha, "Papa, sasa utakuwa unakaa tu." Bwana Shefu, maneno hayo huambiwa mgonjwa.

2. Adabu. Zamani mteja akiingia alisema, "Fundi, habari ya kazi?" Siku hizi wanapita mbele yangu, wanakaa, wanatazama meza ikienda yenyewe. Moussa, yule anayesagisha mawe ya dhahabu kule Salamabila, alikaa kwenye kiti changu saa mbili nzima, mdomo wazi. Alipoondoka aliiambia mashine, "Aksanti, kazi njema." Mashine haikujibu. Mtoto aliyelelewa katika kartie hii hujibu.

3. Afya. Mkono wangu wa kulia, uliozoea kuzungusha tangu asubuhi hadi jua kuzama, ulianza kuzunguka wenyewe wakati wa kula. Subira aliuona. Hakunipeleka hospitali, alinipa mchi. Tangu siku hiyo, mimi, mwanaume wa miaka sitini na tatu, ninatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na wapita njia wananisalimia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Nakiri kwamba sombe imekuwa laini kuliko zamani, lakini hiyo si hoja.

4. Yai. Hapa naomba usome polepole. Wiki ya mavuno, pinyo ya mashine ya Mama Emilienne ilivunjika, na unajua hakuna mashine nyingine ya kukoboa mpunga upande huu. Asma aliiagiza kompyuta ichonge kitovu cha pinyo mpya, kile cha mviringo kinachokaa ndani ya mashine. Kikatoka kama yai. Akarudia, likatoka yai la pili. Akarudia tena, na chuma cha tatu kikaharibika. Mimi nilikuwa kwenye kinu changu, nikasikia jinsi kisu kilivyokuwa kinalia, nikajua. Skurubu za mashine ile ni za zamani. Ukitaka kurudi ulikotoka, mkono wa mashine unazunguka kidogo bure kabla meza haijafuata. Mimi mkono wangu hurudisha kile kidogo bila kuniuliza. Kompyuta haikujua.

Asma akaja akachuchumaa mbele ya kinu. "Papa, mukono yako inarudishaka kiasi gani?"

Nikamwambia, "Uulize ordinateri yako ya juu ya kabati."

Siku mbili hatukusemezana. Wakati huo wanawake wakawa wanafika na magunia ya mpunga, wanakaa mlangoni kwangu. Hawakunitukana. Walinijulia hali, mmoja baada ya mwingine, na hilo ni baya zaidi.

5. Wizi. Siku ya tatu niliacha mchi nikaingia ndani. Lakini kiasi chenyewe sikuweza kukitaja, maana mkono unakijua na mdomo haukijui. Asma akashusha mkono mmoja ukutani, akaurudisha kwenye skurubu, akaniomba nifumbe macho na kuzungusha kama zamani. Kila nilipousimamisha alichora mstari kwa chaki kwenye chuma kando yake. "Tena, Papa." Mara kumi. Nilipofumbua macho, mistari kumi ilikuwa imelala mahali pamoja, unafikiri ni mmoja. Asma alitazama chaki, akanitazama mimi. Akasema, "Hata mota haiwezi hivi." Jicho langu likaingia vumbi la chuma.

Tukafanya vile kwa mikono yote mitatu. Akapima, akaandika kile kipimo ndani ya kompyuta, na kwa kuwa kila kitu humo lazima kiwe na jina, akakiita PAPA. Mviringo ukatoka mviringo. Alasiri ile Mama Emilienne alikoboa mpunga, na wanawake walinipigia vigelegele mimi niliyewachelewesha.

Sasa, Bwana Shefu, ona ubaya wake. Nimetiwa ndani ya kompyuta bila ridhaa yangu. Nikiwa msikitini, ninafanya kazi. Nikila, ninafanya kazi. Mwaka wa kuhesabu watu utaandika akina Hamadi wangapi katika nyumba hii? Na mmoja akikosea, ataitwa nani ofisini kwako? Kwa hiyo naomba uamuru yafuatayo:

a) Mashine iandikishwe kuwa mkaaji wa kartie, na kila Jumamosi itoke kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, na jembe lake kama wengine.

b) Ihudhurie misiba, ikae na wanaume, angalau mpaka kahawa ipite.

c) Asma aharibu chuma kimoja kila wiki, kwa sheria, ili watu wapate sababu ya kuniuliza.

d) Jina langu lifutwe. Kama haliwezi kufutwa, basi liandikwe PAPA HAMADI, maana akina papa ni wengi.

Ninatumaini utalitazama jambo hili kwa haki. Nisalimie mama, watoto, karani wako anayeandika vizuri, na yule askari wa mlangoni. Subira anawasalimu nyote, ingawa hajui kwamba anawasalimu katika barua hii aliyoikataa.

Mimi mtu wako wa siku zote,

Hamadi Lukali, fundi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, imenibidi kuongeza kidogo. Asma ameenda Nyangwe kwa shangazi yake, akaniachia mashine. Leo asubuhi nimefunga chuma, nimebonyeza mwenyewe, na baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Nikatoka nje, nikamkuta Subira anatandaza mpunga kwenye turubai, anaimba. Miaka thelathini na moja mashine ilikuwa inanguruma na mimi nikiwa juu yake. Sikujua kwamba saa nne asubuhi mke wangu huwa anaimba. Nilikaa kwenye kigoda, akakatiza wimbo kwa haya, kisha akaendelea. Kwa hiyo tafadhali ipokee barua hii, igonge mhuri, halafu usifanye lolote. Na kama utapita kwetu kunijulia hali, pita wakati wowote, ila si saa nne.