Uvimbe Uliotoweka kwa Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza. Mkuu wa kitengo cha picha atachaguliwa Ijumaa, kila mtu akishaonyesha matokeo yake. Tuko wawili tu. Mimi, miaka kumi na mmoja katika maabara hii. Na Miwani, kama ninavyomwita kwa miwani yake, binti niliyemfundisha mwenyewe namna ya kumshika panya asimng'ate. Mpaka leo ananiita Mwalimu. Kwa sauti ya upole, ya kumwamsha babu kitini.

Jumanne, 4 Machi
Nimewadunga panya wangu sita wenye uvimbe ubavuni dawa ya mionzi inayoua uvimbe. Kawaida unasubiri wiki mbili, mionzi ya tiba ififie, ndipo upige picha. Wiki mbili! Ijumaa itakuwa imeshaoza. Nitapiga kesho.

Miwani kaja na ushauri nisiomwomba. Eti mashine ya picha haichagui. Inapokea mionzi ya tiba pamoja na ile hafifu ya dawa ya picha, inayodungwa ili uvimbe ung'ae, sawa na kumsikiliza mtu akinong'ona kando ya mashine ya kusaga. Eti mionzi ikiwa mingi mno, itazidiwa na kuhesabu pungufu. Nikamshukuru. Wivu umemkaa kooni.

Jumatano, 5 Machi
HAUPO! Uvimbe haupo! Panya wote sita, kiza kitupu ubavuni!

Fundi wa mashine akauliza mbona hata moyo na kibofu, ambavyo hung'aa siku zote, karibu havionekani. Nani anauliza habari za kibofu siku kama hii? Nikamwambia ashughulike na nyaya zake.

Nimemweleza mke wangu. Kampigia mama. Mama kawapigia mashangazi wote. Kabla ya chakula cha jioni nilikuwa nimeshagundua tiba ya saratani.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa alizitazama picha zangu muda mrefu. Akaomba aletewe panya mmoja. Akampapasa ubavuni, taratibu. Kisha akasema, "Hebu papasa na wewe."

Nikapapasa. Uvimbe ulikuwepo. Mgumu, mkubwa kama punje ya harage. Sikuwa nimempapasa panya hata mmoja tangu Jumanne. Nilikuwa nikitazama kompyuta.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Ndipo Miwani akasimama. Akawaeleza wote kwamba Mwalimu alikuwa anatuonyesha kinachotokea mashine ikizidiwa, na kwamba mfano huu utatusaidia sana. Wakaitikia kwa vichwa. Wengine wakaandika!

Kaniokoa. Mbele ya watu. Sijatukanwa vibaya hivyo tangu nizaliwe.

Cheo kapewa yeye. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mashangazi wawili walikuwa sebuleni wakinisubiri, wamevaa vizuri. Mmoja akauliza nitaanza na wagonjwa gani. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia chumbani.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani kaniomba, kwa adabu zote, niandike mwongozo wa muda wa kusubiri kabla ya kupiga picha. Ukurasa mmoja tu, Mwalimu.

Nimeandika mstari mmoja, nikasimama. Maana nimeliona kosa! Si mashine. Si haraka. Dawa ya picha ndiyo ilikuwa kidogo! Kama mionzi ya tiba inapiga kelele, basi na ya picha ipige kelele zaidi. Dozi mara tatu. Jambo rahisi hivi, na hakuna aliyewahi kulifikiria!

Miwani kesho ana kikao mpaka mchana. Nimejiandikisha kwenye mashine saa mbili asubuhi. Fundi nimemwambia ni kwa ajili ya mwongozo.