Kizuizi cha Kudumu Gatini

Umma wote, wa baharini na wa nchi kavu, ulitangaziwa rasmi kwamba msongamano bandarini ungekoma Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Tangazo lilikuwa na mihuri minne. Mkuu wa Kitengo cha Kupunguza Msongamano alilisoma mwenyewe kwenye kipaza sauti, kisha akafuta jasho kwa furaha, maana kazi ngumu alikuwa ameshaimaliza. Kilichobaki ni utekelezaji tu.

Mkuu alikuwa amefanya utafiti wa miezi minane, akagundua kuwa msongamano wa vyombo husababishwa na vyombo. Zamani wavuvi walifunga mashua zao ubavu kwa ubavu, nne nne, wakapitishiana makapu ya samaki sitaha hadi sitaha mpaka mlango wa ghala la barafu. Mambo yalikwenda haraka mno, tena bila fomu. Sasa kila chombo kilitakiwa kueleza sababu ya kuingia. Boti za matajiri ziliandika "starehe", zikagongewa muhuri, zikaingia. Mashua za uvuvi zilitakiwa kutaja idadi ya samaki, siku tatu kabla ya kuwavua.

"Mheshimiwa, samaki hawajaniambia watakuja wangapi," alisema nahodha mmoja mwanamke. Watu walimwita Kauzu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona meno yake.

"Kadiria, mama. Ila ukikosea, huo ni udanganyifu."

Kauzu akangoja nje na shehena yake, jua linamwakia, barafu anaiona kwa macho. Siku mbili mfululizo alimwaga nusu ya samaki wake baharini. Siku ya pili alilia hasa, kilio cha mtu mzima. Halafu akanawa uso, akaomba nakala ya amri, akaisoma neno kwa neno kama anayetafuta mwiba kwenye mchuzi.

Kifungu cha tisa kilisema: chombo kisichosogea kwa siku saba ni kizuizi cha kudumu, na kitavutwa nje ya bandari bila kujali cheo cha mwenyewe. Mkuu alikuwa amewalenga wavuvi wenye mashua mbovu. Hayo ya cheo aliyaongeza kwa sababu yalipendeza kwenye kipaza sauti, na kweli, watu walipiga makofi.

Kauzu akamfuata dereva wa boti ya kuvuta, aliyeajiriwa kwa sifa moja kubwa ya kuwa shemeji yake Mkuu.

"Kaka, kusoma unajua?"

"Najua, dada. Ila sina haraka."

"Basi soma hapa. Ukimaliza, hesabu siku."

Shemeji alisoma hadi chai ikapoa. Kisha akawasha injini. Boti za starehe zilizokuwa hazijasogea tangu likizo iliyopita alizivuta tisa. Ya kumi ilikuwa kubwa kuliko zote, yenye zulia na viyoyozi, imefungwa mlangoni kabisa pa barafu kwa miaka mitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi ya Kitengo, pamoja na dirisha lake la kupokelea fomu.

Mkuu alikuwa humo akiandika ripoti ya mafanikio. Kikombe kikateleza, kikamwagikia mafanikio.

"Shemeji! Unafanya nini?" alifoka dirishani.

"Natekeleza, shemeji."

"Mimi ndiye Mkuu!"

"Si ulisema bila kujali cheo? Mbona mimi nilikupigia makofi!"

Akamwacha nje ya bandari, akamtakia kazi njema. Kwa kuwa dirisha la fomu nalo lilikuwa limeondoka, hapakuwa na wa kuwazuia wavuvi, wakaingia.

Mkuu hakuwa mtu wa kuvunja utaratibu. Alitembea hatua sita hadi dirisha la fomu, ndani ya ofisi ileile, akapanga foleni peke yake. Karani wake, kijana aliyemfundisha mwenyewe, alichukua kalamu.

"Sababu ya kuingia bandarini?"

"Kazi!"

"Kazi gani, mzee?"

"Si unaijua! Kupunguza msongamano."

Karani alichungulia nje. Kule gatini mashua zilikuwa zimefungwa nne nne, makapu yanapita juu kwa juu kuelekea kwenye barafu, na Kauzu amesimama kwenye sitaha yake, meno yote nje. Nafasi ilikuwa tele.

"Samahani, mzee," alisema karani, akigonga muhuri wa kukataa. "Sababu hiyo haipo tena."