Sigara Isiyo na Moshi Nyumbani kwa Wakwe

Leo nimeaibika, wenzangu, na si aibu ya mchezo. Nawaandikia barua moja mpokezane, maana sina nguvu ya kuisimulia mara mbili.

Mnajua nampenda Wanja. Mnajua pia baba yake, mzee wa kanisa hapa Kanja, alisema mvuta sigara hataoa kwake. Leo ndiyo siku tuliyokwenda kuposa. (Sigara ya mwisho nilivuta jana. Sawa, leo asubuhi.)

Mjomba Nyaga, aliyerudi juzi kutoka Ulaya, aliona ninavyohangaika bila sigara akanipa kidude cheupe cha plastiki, urefu wa kidole. Ndani kuna kimrija chenye dawa.

"Vuta," akasema.

"Kiberiti kiko wapi?"

"Hakiwashwi."

Nikavuta. Jamani! Koo likachoma vilevile, tena na ladha ya mnanaa juu yake. Moto hakuna, jivu hakuna, harufu hakuna. Nikapuliza nje: hewa tupu!

"Mjomba, moshi umeenda wapi?"

"Hakuna moshi. Ni mvuke wa nikotini tu, ile kitu mwili yako inalilia. Huko wanatumia kuacha sigara."

Nimeshaona kalkuleta inayotumia jua, lakini hii ilinishinda. Nilikifungua, nikachungulia tundu, nikatafuta moshi ulikojificha, nikakifunga. (Sikukifunga vizuri. Ngojeni.)

Kwa kina Wanja tulikaribishwa vizuri. Mzee akasimama kuomba, akaanzia kwa Adamu. Alipofika kwa Nuhu hamu ya sigara ilikuwa imenishika tena. Nikawaza: macho yote yamefungwa, moshi hakuna, nani atajua? Nikavuta.

Fiiii!

Kidude kilipiga mluzi! Mzee akakatiza maombi. Nilipofungua macho, nyumba nzima ilikuwa inanitazama, nami nimekiuma kidude mdomoni.

"Ngai! Huyu kijana ako na pumu!" akalia Cucu, nyanya yake Wanja.

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nikasema, "Ndiyo, Cucu. Tangu utotoni." Nikaongeza na kikohozi. (Mjomba alitazama dari.)

Kumbe Cucu ndiye daktari wa vifua vyote vya kijiji! Punde si punde sufuria ya majani ya mkaratusi ilikuwa inafuka miguuni pangu, nami nimefunikwa blanketi zito mpaka chini.

"Vuta! Vuta sana!" anaamuru Cucu.

Jasho, machozi, kamasi, vyote kwa pamoja. Suti niliyoazima ikaloa. Nikiwa humo gizani nikasikia sauti ya Wanja, ambaye ndiye aliyebaki na kidude changu. Yeye ni mwalimu, na chochote chenye maandishi lazima akisome.

"Baba, hii si ya pumu. Imeandikwa ni ya watu wanaacha sigara."

Nikajivutia blanketi vizuri.

"Kijana," Mzee akasema, "toka huko."

"Niko sawa tu hapa, Baba."

"Toka."

Nikatoka nikitiririka. Mzee alikuwa amekishika kidude, anakigeuzageuza. "Sasa moshi inaenda wapi?" akamuuliza Mjomba. Akaelezwa. Akakinusa, akatikisa kichwa kwa mshangao, akampa Cucu. Cucu akakiinua dirishani akione vizuri, akasema dunia imefika mwisho. Kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akishangaa kama mimi asubuhi. Hakuna aliyenitazama tena, nikadhani nimeokoka.

Kisha Mzee akanigeukia.

"Kuacha sigara ni kitu mzuri. Hiyo singekukatalia. Lakini pumu ulitoa wapi?"

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Wanja alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza mbele ya watu wake, na hilo liliniuma kuliko yote. Akaishusha ile leso. Alikuwa anacheka!

Tumeambiwa turudi kahawa ikishachumwa, nikiwa sivuti wala sidanganyi. Wanja amesema atangoja, alipopata pumzi ya kusema.

Basi nimerudi nyumbani bila mchumba, ila kifua kimefunguka ajabu. Nawaomba msicheke. Wanja ameshacheka kwa niaba yenu nyote.