Sanamu ya Philbert Mlangoni kwa Mkwewe

Birika la Clavery lilikuwa bado halijachemka pale Kamachumu, mwaka ule wa sabini na nne, Ndyamukama alipotokea mbio, koti begani. Sisi tunamwita Redio, kwa sababu anaanza alfajiri na hana kitufe cha kuzima.

"Jamani, mmehamishwa wote!"

"Na nani?" akauliza Clavery.

"Na Lameki seremala!"

Tukacheka mpaka benchi likalalamika. Lameki yule ninayemjua mimi hawezi kuhamisha hata mbuzi wake akila mahindi ya jirani.

"Chekeni tu," alisema Redio. "Si mnakijua kile kijiji cha ubao, mfano wa kijiji kipya cha ujamaa, kilichowekwa mezani pale ofisini? Nyumba za magome ya mgomba, barabara ya majivu, bendera kwenye njiti ya kiberiti? Mwenyekiti kakitazama, akasema kijiji bila watu ni makaburi. Basi Lameki kaongeza watu. Vijitu vya mti, kila kimoja na jina lake! Kesho Mkuu wa Wilaya anakuja kukiona, lori nyuma yake, na pale kijitu chako kiliposimama ndipo lori litakapokushusha. Wewe, kitanda chako na kuku wako!"

"Ni kweli," alisema Josia, akiweka mguu juu ya mguu. Huyu ni Kamati. Hakuna kamati asiyokaa, hata ya akina mama wajawazito aliwahi kutoa maoni. "Kamati imeridhia."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini niliridhia. Mimi nimewekwa wapi?"

"Mbele kabisa, chini ya bendera."

Kamati akarekebisha kola ya shati, na shati lenyewe halikuwa na kola.

"Na mimi?" aliuliza Philbert.

Philbert sisi tunamwita Kibanja, kwa ajili ya shamba lake la migomba la nyumbani. Migomba ile aliipanda babu yake, naye babu amelala humohumo kati ya mashina, na Philbert hajawahi kulala nje ya kibanja kile hata usiku mmoja. Siku ya harusi yake alikwenda, akala, akarudi na bibi harusi kabla jua halijazama.

Redio akakohoa. Nakuapia, ilikuwa mara ya kwanza namwona mtu huyu akitafuta maneno.

"Wewe uko... mlangoni."

"Mlango wa nani?"

"Wa Mama Kokubanza."

Salaale! Mama Kokubanza ni mama mkwe wa Philbert. Na kwetu mwanamume hakai uso kwa uso na mama mkwe wake. Philbert akimwona yule mama njiani huchepuka migombani mpaka apite. Kuna siku mama alikutana na shoga yake, wakaanza mazungumzo, na Philbert akashinda mtaroni mpaka mvua ikamkuta.

"Nimekufa!" alilia Philbert. "Nitaoga wapi? Asubuhi natoka chooni, huyu hapa! Na kibanja cha babu nani atakifagia?"

"Peleka ombi," alisema Kamati. "Kamati itakaa."

"Itakaa lini?"

"Ikishakaa kupanga siku ya kukaa."

"Josia, lori linakuja kesho!"

"Basi utakuwa umeshahama, na ombi lako litajadiliwa kwa utulivu."

Ningemmwagia kahawa, ila kahawa ya Clavery ni tamu. Wakati huohuo Lameki mwenyewe akapita, msumeno kwapani. Philbert akamrukia.

"Lameki, ning'oe pale! Sasa hivi!"

"Haiwezekani, waitu, ndugu yangu. Nimewabandika kwa ulimbo. Nikikung'oa, unatoka na mlango wa mkweo mkononi."

"Lakini kwa nini pale?"

"Nafasi iliisha! Nyumba nilichonga ndogo, watu wakanitokea wakubwa. Mtu mmoja anaziba nyumba mbili. Wewe nilikuweka kwanza karibu na zahanati, zahanati haikuonekana tena."

"Kwa hiyo Mkuu wa Wilaya atadhani huku wanaishi majitu," alisema Redio.

"Mwenyekiti alifurahi. Kasema inaonyesha wananchi wameshiba."

"Hebu tueleze, nasikia vichwa vya vijitu vinanukia," alisema Clavery.

Lameki akainamisha macho. "Nilishindwa kuchonga vichwa. Nikachukua akamwani kwenye kikapu cha mke wangu. Kahawa yetu hii ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni. Nikaitia macho kwa wino, na herufi ya jina nyuma."

"Kichwa changu ni cha kutafuna?" Kamati akasimama.

"Chako nilichagua kikubwa kuliko vyote, mzee."

Akakaa.

"Mama Kokubanza huyo!" alisema Clavery.

Kweli, alikuwa anapandisha kutoka ofisini, khanga mbili na fimbo yake. Philbert hakuona pa kukimbilia. Akavuta gunia la mkaa la Clavery, akajifunika gubigubi, akachutama nyuma ya benchi. Lilikuwa gunia zuri, ila lilikuwa na viatu.

"Shikamoo, Mama. Karibu kahawa," alisema Clavery.

"Marahaba. Ahsante, nimeshatafuna huko ofisini."

Kijiwe kizima kikamgeukia Lameki. Hata birika.

"Nilikwenda kutazama hicho kijiji chenu," aliendelea mama. "Karani hayupo, kaenda kunywa chai. Nikakuta mezani akamwani imesimamishwa juu ya vijiti. Nikasema, kumbe Serikali yetu imejifunza kukaribisha wageni! Nikatafuna."

"Ngapi, Mama?" Lameki aliuliza, msumeno umeshamwanguka.

"Nimeacha vijiti."

"Na... na aliyekuwa chini ya bendera?" aliuliza Kamati.

"Kile cha kichwa kikubwa? Nilikipasua kwa jino, ndani hamna hata punje. Nikatema."

Redio alianguka chini kwa kicheko. Kamati akavaa kofia, akaondoka bila kuaga, naye Lameki akatimka kuelekea ofisini kuokoa vijiti vyake.

Mama Kokubanza akajifunga khanga vizuri, akapiga hatua mbili, kisha akasimama. Hakugeuka. Alisema akitazama barabara, kwa heshima zote za ukwe:

"Clavery, liambie hilo gunia lako lirudi kibanjani kwake likalale. Nilianza na yeye, pale mlangoni kwangu."