Sigara za Babu Nuam

Jumapili, 21 Julai

Nimeacha sigara. Maisha yangu yote! Mbele ya watu!

Sikukusudia. Nilikwenda hekaluni kuwasha mshumaa tu, maana leo watawa wameingia kwenye mafungo yao ya msimu wa mvua na kijiji kizima kilikuwepo. Kila mwaka siku hii hawakosi wa kujionyesha, wanaoweka nadhiri ya kuacha kitu mpaka mafungo yaishe. Huyu pombe, yule kamari. Mara nani anajitokeza, kifua mbele? Shemeji Chamnong, kaka wa mke wangu, mfuga bata, mtu aliyevuta mpaka masharubu yake yakawa ya njano. Akapiga magoti mbele ya Luang Pho Sawaeng, mkuu wa hekalu letu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba havuti tena mpaka mafungo yaishe, kwa ajili ya mtoto wa Kanlaya.

Mtoto wa Kanlaya! Kanlaya ni binti yangu mimi. Malai ni mjukuu wangu mimi. Jumapili baada ya ijayo ananyolewa nywele za kuzaliwa, na mzee mmoja wa ukoo atampakata wakati Luang Pho ananyoa. Mzee gani? Ningesema jibu linajulikana. Lakini tangu mtoto atoke hospitali sijaruhusiwa hata kumgusa kidole. Kanlaya kanitamkia jikoni kwangu, chini ya bati nililolipigilia mwenyewe: "Baba, mwanangu hapakatwi na jiko la mkaa." Ati nanuka. Ati atakayempakata ni yule atakayeacha kweli.

Basi nilipomwona Chamnong ananyanyuka na sura ya mtu asiyejua hata kiberiti, miguu yangu ikanipeleka mbele. Nikafungua mdomo niseme mpaka mafungo yaishe. Yakatoka maneno "maisha yangu yote". Watu wakaguna. Mke wangu Lamduan akafumba macho. Chamnong alinuna njia nzima, nami nilifurahi sana mpaka tulipofika nyumbani nikapapasa mfuko wa shati.

Jumatatu, 22 Julai

Kila kitu kinaniudhi. Jogoo. Mvua. Kijiko.

Mteja kaleta feni niitengeneze, analalamika inazunguka polepole. Nikamwambia na yeye azunguke tumwone. Kaondoka na feni yake. Ningekuwa na akili timamu nisingefukuza mteja, lakini akili timamu iko ndani ya pakiti, na pakiti Lamduan kailoweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha asubuhi kanyunyizia pilipili zake ili wadudu wafe. Pilipili za mke wangu zinapata tumbaku. Mimi sipati.

Chamnong kapita na pikipiki yake, polepole, anamung'unya ukwaju. Kapaza sauti kuniuliza: "Vipi shemeji, maisha yako yote yanaendeleaje?" Kageuza pikipiki mbele ya duka la mchele, kapita tena, kauliza tena.

Nina vichupa vya mentholi vya kunusa, kimoja kila tundu la pua, ili mikono ibaki huru kwa kazi. Lamduan kasema nimekuwa tembo.

Jumatano, 24 Julai

Nimepata wazo! Makatazo yetu sisi Wabudha wa kawaida, tusio watawa, ni matano. Usiue. Usiibe. Usizini. Usiseme uongo. Usilewe. Tumbaku iko wapi? Haipo! Mtu halewi kwa sigara. Mtu hupoteza akili kwa kuikosa, mimi ni shahidi.

Nikaenda kwa Luang Pho nikamweleza hoja yangu kwa heshima zote, viganja pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, tumbaku haimo kwenye lile la tano. Nilitaka kuruka. Akasema: "Lakini wewe, fundi, shida yako ni lile la nne. Ulisema nini Jumapili?" Nikamjibu nilisema mambo mengi. Akasema alikuwa karibu, alisikia moja tu.

Kisha akanisimulia habari zake, nisizoziomba. Kumbe naye alikuwa mvutaji! Enzi hizo waumini walikuwa wakiweka sigara kwenye sinia za sadaka pamoja na wali na sabuni. Siku moja kikongwe kamletea sinia, naye akajikuta ametazama sigara kabla ya kumtazama kikongwe. Aliona aibu. Aliacha, akateseka, alikuwa akiwagombeza wenzake kwa kutafuna kwa kelele. Mwishowe akajifunza kuitazama ile arosto, kiu ya sigara, ikija, bila kupigana nayo. Akaniambia niitazame kama mgeni msumbufu: "Ameingia, sawa. Wewe usimpikie chai tu. Atachoka, ataondoka."

Nimejaribu. Nimekaa kwenye kiti cha kamba nyuma ya nyumba, nikamtazama mgeni. Kaingia. Kakaa. Hakuchoka. Kufika alasiri alikuwa amewaita ndugu zake wote.

Ijumaa, 26 Julai

Mimi ni mtu mwenye kipaji. Naandika hili nikiwa nimetulia kabisa, mikono haitetemeki.

Nyuma ya hekalu kuna kibanda cha sanamu ya Babu Nuam, aliyekuwa mkuu wa hekalu kabla mimi sijaoa. Mtu mwema, mponyaji, na alivuta misokoto minene ya majani ya migomba mpaka siku anakufa. Watu wakitaka jambo humwekea sigara kwenye kile kishikio mbele ya midomo ya shaba. Sigara yenyewe lazima iwe inawaka. Nani anampa mtawa sigara iliyozimika? Na sigara haiwaki yenyewe. Lazima mtu aiwashe. Na kuiwasha lazima uivute, mara moja, kwa ajili ya Babu tu.

Huko si kuvuta. Ni ibada!

Nimenunua pakiti kijiji cha pili wasikonijua. Nikapiga magoti, nikaomba afya ya Malai, nikawasha. Msimu huu sigara hunyonya unyevu, hukataa kushika moto, kwa hiyo ilibidi niirudie. Nikairudia tena kwa usalama. Babu alipata iliyobaki. Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu, nikamtengenezea jirani pasi bure. Kanlaya kaja na mtoto, kasimama mlangoni, kasema: "Baba leo una sura nzuri, unaona?" Malai alikuwa amelala, mdomo wazi, hana hata jino la kumtishia mtu. Karibu nimguse. Kanlaya kasema bado, ila nikiendelea hivi nitampata. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 27 Julai

Nimekwenda kwa Babu asubuhi, nikamkuta Chamnong.

Alikuwa amepiga magoti, mashavu yameingia ndani, macho yamefumbwa kwa raha. Alipofumbua akaniona nimesimama na pakiti yangu mkononi. Tulitazamana. Moshi ukamtoka puani. Akasema anaombea goti la mkewe. Nikasema mimi naombea mvua. Nje ilikuwa inanyesha mpaka mifereji inafurika.

Nikapiga magoti pembeni yake. Hakuna aliyemwona mwenzake, tumekubaliana. Tuliomba mengi: goti, bata, feni, barabara ya kijiji. Babu wa watu hajaheshimiwa hivi tangu afariki. Moshi ulijaa mpaka uso wake hatukuuona.

Nilipokuwa naondoka Chamnong kanikumbusha kwamba yeye ameweka nadhiri ya mafungo tu, hivyo kosa lake, kama ni kosa, ni dogo kuliko langu. Hata katika dhambi anataka kunishinda!

Jumatatu, 29 Julai

Balaa. Mama Thiap.

Mama Thiap ni mtawa wa kike wa mavazi meupe anayefagia kile kibanda. Hana mwili, hana sauti, na hatumsikii akija. Leo alitukuta wote wawili. Akasema anafurahi kuona imani inakua kijijini. Akauliza tu kwa nini Babu siku hizi anapata vipande.

Chamnong akasema upepo. Nikasema unyevu. Tulisema kwa pamoja.

Mama Thiap akachukua kijiti cha udi kinachowaka, akakigusisha kwenye ncha ya sigara mpya, akapepea na kipepeo cha ukindu. Ikashika moto. Midomo ya mtu haikuhusika popote. Akaiweka mbele ya Babu, akasujudu, akatugeukia na kutuuliza kwa upole: "Hivi wanangu, Luang Pho mkimpelekea wali, mnaanza kula nyinyi, halafu mnampa sahani?"

Makombo! Tumekuwa tukimlisha mtawa makombo! Kila mtoto wa hapa anajua malipo yake. Unazaliwa tena mzuka wa njaa, mrefu kama mnazi, unalia nje ya hekalu, na mdomo wako ni tundu la sindano. Tundu la sindano! Hata sigara haipiti!

Chamnong alikuwa mweupe kuliko nguo za Mama Thiap. Akaniuliza njiani kama mzuka hupata angalau kunusa. Nikamwambia aniache.

Alhamisi, 1 Agosti

Sijavuta tangu Jumatatu, kwa hofu. Chakula hakishuki. Kila nikifumbua mdomo naupima kwenye kioo kama umepungua.

Leo nimefikiri hivi: kama nitakuwa mzuka, basi niwe mzuka aliyempakata mjukuu wake. Na kikwazo ni Chamnong. Bila Chamnong nabaki peke yangu. Nikaoga kwa ndimu, nikaenda kwa Kanlaya nikamweleza kwa masikitiko kwamba mjomba wake anavuta, na anavutia mahali patakatifu, mbele ya Babu Nuam. Nikamwonyesha jinsi anavyovuta, mashavu ndani, macho yamefumbwa.

Kanlaya aliniuliza nimejuaje kwamba anafumba macho. Nikasema nilimwona. Akauliza nilikuwa nimesimama wapi. Nikasema sikusimama, nilikuwa nimepiga magoti. Akauliza nikifanya nini. Hapo nikaanza kueleza habari za unyevu.

Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya, nimezoea, mama yake ni Lamduan. Alikwenda chumbani akarudi na kitambaa cheupe, kimedarizwa yungiyungi pembeni. Akasema alikishona wiki hii, cha kutandika mapajani mwangu siku ya kunyoa. "Nilikuamini, Baba. Nilimwambia mpaka mume wangu, safari hii mzee ameamua." Akakikunja akakirudisha.

Kumbe Chamnong alikuwa ametoka hapo muda mfupi tu, alikuja kunisema mimi. Naye aliulizwa maswali yale yale. Naye alifika kwenye unyevu.

Jumapili, 4 Agosti

Malai amenyolewa. Lamduan ndiye aliyempakata, juu ya kitambaa changu.

Chamnong kapewa beseni ashike. Mimi nikapewa jani la yungiyungi la kupokelea nywele. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia mtoto anapumua. Luang Pho alipitisha wembe taratibu, nywele zikawa zinaangukia kwenye jani, nyepesi mno, nikaogopa hata kupumua zisiruke. Niliumia. Sitaki kulificha hilo, niliumia sana. Ningekuwa nimekaa pale. Nilitokwa na machozi nikasingizia maji ya beseni, Chamnong akasema maji hayajaruka, yeye ndiye anayelishika.

Tulipomaliza kuziachia zile nywele mtoni, Kanlaya alinisogelea na mtoto, karibu, karibu zaidi, mpaka mguu wa Malai ukanipiga kidevuni. Akasema mafungo bado ni marefu. Siku yatakapoisha tutaona. Luang Pho naye akasema mtu anaruhusiwa kuanza upya, haina haja ya kelele.

Nilipiga kelele. Nilisema sivuti tena, maisha haya na yajayo! Chamnong akadakia, haya na mawili yajayo. Nikaongeza. Akaongeza. Luang Pho alituomba tunyamaze kabla hatujamaliza uhai wote wa dunia.

Lakini safari hii nilimaanisha. Nauhisi bado ule mguu kidevuni.

Jumatano, 7 Agosti

Habari njema! Mteja aliyeleta jiko la umeme la wali kanieleza kwamba hekalu la ng'ambo ya mto lina sanamu ya mtawa wa zamani ambaye hakuvuta sigara kabisa. Alivuta kiko!

Kiko ni jambo tofauti. Udi na kipepeo haviwezi kiko, kila fundi anajua, kiko kisipovutwa mfululizo kinazimika. Na nimeulizia: kule hakuna Mama Thiap. Wala safari hii hakuna makombo, nimejifunza. Nimenunua viko viwili. Chake sitakitia mdomoni hata kidogo. Changu ni cha kumwonyeshea tu mwendo.

Nikamwambia Kanlaya navuka mto kumwombea Malai afya. Macho yake yakalowa. Akasema: "Baba, safari hii nakuona kweli umebadilika." Akaleta kile kitambaa cheupe chenye yungiyungi, akanipa kwa mikono miwili, nikakiombee baraka huko, nije nikitandike mapajani siku mafungo yatakapoisha nimpakate Malai. Nilikipokea nikakiweka kifuani. Binti mwema sana.

Naandika haya nikiwa kwenye kivuko. Mvua inanyesha. Chamnong nilimkuta ameshakaa mbele, na mfuko ameukumbatia. Kasema anakwenda kumwombea mjukuu. Nikasema na mimi. Kaniuliza kama nina kiberiti. Ninacho, kikavu kabisa, pamoja na tumbaku na viko vyote viwili, nimevifunga vizuri ndani ya kile kitambaa visilowe.