Santuri ya Mheshimiwa Magoti Wazi

Jumanne, tarehe 14 Julai 1998, Ballarat, huku kwetu Australia, iliamka na barafu nyembamba juu ya vioo vya magari, na kufikia saa tatu manyunyu yalikuwa yameanza. Siku kama hiyo mwenye akili hatoki nyumbani. Desmond Quilty alitoka, nami nikatoka kwenda kufungua duka la mitumba la kanisa, kwa hiyo tulikuwa wawili.

Aliingia kukinga kipara chake na mvua, akainama, akaibua santuri chini ya meza. Kwenye jalada alichorwa diwani mwenye joho na magoti wazi. Ilikuwa tamthilia ya nyimbo na dhihaka, iliyochezwa na kurekodiwa mjini hapa mwaka 1974. Niliificha pale nikidhani namsitiri aliyedhihakiwa, mzee Mervyn Trethowan, diwani wa zamani anayekaa ng'ambo ya bustani. Hayo yote nikamweleza mgeni, maana ulimi wangu hauna breki. Kisha nikamuuzia, nikafurahi kwamba fedheha inaondoka mjini, nikamwombea na baraka. Mungu anisamehe, niliomba kwa moyo wote.

Des aliona mambo ni mepesi: mtu aliyechekwa hununua ukimya. Hakuisikiliza santuri, kwani hajawahi kuonja alichouza. Akavuka bustani, akaweka kiatu juu ya ukingo wa chemchemi ya marumaru, ile ya kurusha maji ambayo haijawahi kurusha hata tone, akafunga kamba. Alikuwa amefanya biashara katika miji arobaini, kwa majina yasiyopungua idadi hiyo, na kwake kumbukumbu zilikuwa mzigo tu.

Mzee Merv, mwenye miaka themanini na moja, alikuwa akinywa chai na jirani yake, Bi Una Pascoe. Des aligusa mfuko wa kifuani mara mbili, akaeleza kwa huzuni kwamba watu wa redio wa Melbourne wanaitaka santuri waipige nchi nzima. "Ila nimekuja kwako kwanza, mzee. Kwa heshima tu."

Merv alitazama jalada, machozi yakamtoka. Des akaomba kwenda chooni, ampe mzee nafasi ya kuogopa vizuri. Huko alikuta kuta zimejaa vibonzo vya magazeti: Merv punda, Merv bata, Merv akiporomoka ngazi za ukumbi wa jiji, kila kimoja ndani ya fremu. Akaelewa, kwa kuchelewa, kwamba amekuja kumuuzia ukimya mtu anayetundika matusi yake ukutani. Akakaa huko akitunga uongo mwingine.

Alipotoka, mimi nilikuwa nimeshaitwa kwa simu na kufika, na santuri ilikuwa inazunguka. Nyimbo za magoti, Merv aliimba kuliko sisi wote. Upande wa pili ukaja wimbo wa mgeni mwenye maneno laini anayemuuzia diwani chemchemi isiyo na pampu ndani. Una ndiye aliyeigiza mgeni huyo, kwa masharubu ya kubandika. Alisimama, akagusa kifua mara mbili, akaimba pamoja na sauti yake ya ujana:

"Nimekuja kwako kwanza, diwani, kwa heshima tu."

Wakati huo mkono wa Des ulikuwa juu ya mfuko wake ule ule wa kifuani. Aligusa mara moja. Ya pili hakuimaliza.

Una alimtazama toka juu mpaka chini. "Chemchemi ulituuzia sisi mwaka ule. Na nywele, ulimuuzia nani?"

Des alitazama mlango, lakini Una alikuwa ameshaketi juu ya koti la Des lenye funguo za gari. Mimi, mcha Mungu, ndiye niliyetaka polisi waitwe upesi. Merv akatikisa kichwa.

"Polisi watamfunga, lakini hawatanipa maji. Miaka ishirini na nne watu wanatupa vijiti vya aiskrimu mle. Daktari kaniambia nisipange mambo ya mbali. Nataka kuyaona yakiruka."

Akamuuliza Des kama anajua lolote kuhusu mabomba. Des akakiri, kwa aibu ya mtu anayeungama wizi, kwamba amesomea ufundi bomba na cheti anacho. Cheti hicho, alisema, ni cha kweli.

Una akatia kaseti tupu kwenye redio, akabonyeza kitufe chekundu. "Haya, sema. Na jina lako halisi."

Des alikohoa. Mkono ukapanda kuelekea mfukoni, akaushusha.

"Mimi, Clarence Stubbs, mbele ya hawa watatu, nitatia pampu kwenye ile chemchemi kwa mikono yangu mwenyewe, na sitoki Ballarat mpaka mzee Merv alowe."