Salamu Kutoka Chumba Namba Kumi na Nne

Jumapili, 2 Novemba 2025
Eugene amenitoa kwenye grupu la WhatsApp la Wakenya wa kambi yetu ya walinzi huku ughaibuni. Eti ujumbe wangu ni mrefu mno. Admin wa watu arobaini na wawili, kiburi cha waziri! Sawa. Nitawafikia kwa njia isiyo na admin. Nina mtambo mdogo wa kurusha redio ya AM, ulioundwa na fundi mmoja wa karakana hapa Industrial Area. Imebaki antena tu. Kibali? Kitu kidogo hivi hakihitaji kibali. Nimejiuliza, nikajijibu.

Jumatatu, 3 Novemba
Nimefunga waya juu ya paa, kutoka tangi la maji hadi mashine ya AC. Mita ishirini, kazi safi. Niliporudi kutoka zamu, walinzi wenzangu walikuwa wameanika sare kumi na moja, soksi na blanketi. Nimeziacha. Antena iliyofunikwa na soksi haitiliwi shaka.

Jumanne, 4 Novemba
Nimerusha! Saa kumi na moja jioni. Redio bila salamu si redio, kila mtu wa kwetu anajua. Lakini hakuna aliyetuma salamu, kwa kuwa hakuna aliyejua nipo hewani. Nikazitunga mwenyewe. Jina langu nililiogopa. Nikatumia la Japheth, anayelala kitanda cha chini yangu: salamu zatoka kwake Japheth Barasa, chumba namba kumi na nne, zimfikie bosi wa kambi popote alipo. Nilizirudia mara sita. Sauti yangu ni nzuri, kwa nini nifiche?

Jumatano, 5 Novemba
Nimeharibu. Bosi wa kambi ana redio ya zamani ofisini, na kila jioni husikiliza nyimbo za kwao. Jana nyimbo zilizama, akanipata mimi. Akamwita Eugene amtafsirie. Eugene akatafsiri neno kwa neno, pamoja na namba ya chumba. Wakapanda juu ya paa, wakakuta waya umebeba suruali ya Japheth.

Likizo ya Japheth imefutwa. Alikuwa asafiri Jumamosi. Mwanawe alizaliwa miaka miwili iliyopita, na yeye baba hajawahi kumshika. Japheth ameniuliza ni nani anayemchukia hivi. Nimesema Mungu ndiye anayejua. Kisha nikamchemshia chai. Kwa aibu hata sukari niliisahau.

Alhamisi, 6 Novemba
Sijasema. Nimefika mlangoni kwa bosi mara tatu. Mara ya tatu nikajifanya naulizia basi la zamu. Japheth amenionyesha viatu vya mtoto alivyonunua madukani Al Sadd, akauliza kama bado vitamtosha mwakani. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji nilie bila kusikika. Mimi ni mtu mdogo sana.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimesema. Nilingoja wenzangu waende msikitini na kanisani, maana huku hata ibada ya kanisa ni Ijumaa, nisionekane. Bosi hakupaza sauti. Amemrudishia Japheth likizo yake, akafuta yangu ya Desemba, akanihamishia lindo la mbali, Muaither.

Nilimkuta Japheth akikunja nguo. Nikamweleza yote. Alikunja shati lile lile mara mbili.

"Gerishon, ndugu yangu," akasema, "ile chai ulinichemshia ukijua?"

Nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 10 Novemba
Muaither. Japheth amefika kwao. Picha nimeiona kwenye simu ya mtu mwingine, maana mimi ameniblock. Amembeba mtoto, na mtoto analia kwa kuwa hamjui. Nimeona haya upya. Nimeapa mbele za Mungu sitatumia tena jina la mtu bila idhini yake.

Jengo ninalolinda lina ghorofa nne na paa tupu, halina nguo hata moja, na mtambo bado uko sandukuni mwangu. Mlinzi mwenzangu, Nick, ni mpole na hasikilizi redio. Nimemwomba ruhusa ya kutumia jina lake. Amekubali hata kabla ya kuuliza ni la nini.